Zohali, mparachichi na baba mkwe nisiyetazamana naye: tulivyoipangia nyota muda hapa Kisondela

Wakuu, hodi jukwaani. Anayetaka chumvi akalambe jikoni kwake, maana hapa nimekuja na yaliyotokea tu, na mengi yake yananicheka mimi mwenyewe.

Uzi ni mrefu kidogo. Andaeni chai.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Manyoni, Singida. Wanaopajua kwetu wanajua ni tambarare. Jioni unalisindikiza jua kwa macho mpaka linaingia ardhini lote, na usiku nyota zinaanzia usawa wa magoti. Hakuna wa kukuzibia.

Sasa nimeolewa Kisondela, huku Rungwe. Huku kila kitu kimesimama wima. Kaskazini Mlima Rungwe, mashariki milima ya Livingstone, na katikati hapo migomba, mikaratusi, miparachichi na mabati ya majirani. Miezi ya kwanza nilijiona kama nimewekwa ndani ya sufuria.

Kazi yangu ni kukagua parachichi kwenye kituo cha kukusanyia pale Tukuyu. Asubuhi napanda bodaboda, kutwa napima na kuchambua matunda, jioni narudi. Kwa hiyo msidhani nina ugomvi na parachichi, linanilisha. Ila kuna mparachichi mmoja mtausikia humu mpaka mchoke.

Tuendelee.

Mume wangu, Lusajo, ni fundi ujenzi. Mwaka juzi kiangazi alienda Mbeya, akapita kwenye mitumba, akakuta darubini. Akajua amepata ile mashine ya wapima viwanja. Akaileta nyumbani kwa shangwe zote, anasema sasa misingi yake itanyooka kama reli.

Kesho yake akaisimamisha uani, akaielekeza Mlima Rungwe ili aijaribu. Akachungulia. Akainua kichwa, akautazama mlima kwa macho yake. Akachungulia tena.

"Mke wangu," akasema, "mlima umepinduka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wakuu, kwa wasiojua, darubini nyingi za kuangalia nyota zinageuza picha, juu inakuwa chini. Kwa nyota haina shida. Kwa fundi anayetaka kuchimba msingi ni balaa.

Basi darubini ikawa yangu. Lusajo mwenyewe wiki ile ile akapata kazi ya kujenga huko Makete, akaondoka, akawa anarudi mara moja kwa mwezi. Nawaambia hili mapema, maana najua kuna mtu atauliza kwa nini mume hakusaidia. Hakuwepo. Na hata alipokuwepo, kila akiigusa darubini alikuwa anatuonyesha bati la jirani.

Nikabaki mimi na mama mkwe. Mama ni mcheshi ajabu. Usiku wa kwanza nilimwonyesha mwezi, akapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Alikuwa anafumba jicho lisilofaa, analiweka lililofumba kwenye lenzi, halafu analalamika kuwa mwezi umezimika.

Sasa hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo la nyumbani, bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Tunaishi boma moja na wakwe. Nyumba yao iko mbele, inatazama mashariki. Yetu iko nyuma, na katikati kuna jiko la nje. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe wana heshima yao ya kukwepana. Hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mkamwana halitaji jina la mkwewe. Familia nyingi za sasa zimelegeza. Baba mkwe wangu hajalegeza hata uzi mmoja. Ndiyo maana humu namwita Mzee tu. Jina lake sijalitaja hata nikiwa peke yangu shambani.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mzee akitaka kukata kona ya nyumba, anakohoa mara moja. Nikisikia, naingia migombani na ndoo yangu. Akishapita natoka. Miaka minne tuliishi hivyo, na hatukuwahi kusemezana neno.

Mwanzoni nilinuna, niseme ukweli. Mimi ni mtu wa kusema, na nilidhani ananichukia. Mama akanieleza kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe, na kwamba mkwe asiyekohoa ndiye wa kuogopwa.

Halafu mwaka wa pili nikafiwa na baba yangu mzazi. Nilirudi kutoka msibani Manyoni nimekwisha kabisa. Asubuhi nikafungua mlango wa jiko, nikakuta kuni zimepasuliwa na kibuyu cha maziwa juu yake. Kesho yake tena. Wiki mbili nzima. Mama hawezi kupasua kuni, magoti yanamsumbua. Nilijua ni nani, na sikuwa na njia ya kumwambia asante. Hilo lilinikaa kifuani muda mrefu.

Haya, turudi kwenye nyota.

Mzee alikuwa na jicho moja tu linaloona. Lingine lilishakwenda, na daktari alisema hili lililobaki nalo lina presha, dawa za matone zinachelewesha tu. Bado aliona mbele yake, ila pembeni giza lilikuwa linaingia kidogo kidogo. Alikuwa anajikwaa kwenye vitu alivyoviweka mwenyewe.

Jioni moja Mama akaja jikoni kwangu na ujumbe. Mzee anatusikia tukicheka huko nyuma. Anasema utotoni alilala nje na ng'ombe wa baba yake na alizijua nyota kama alivyowajua ng'ombe, ila hakuwahi kuambiwa kwamba kuna nyota yenye pete. Anaomba aione kabla jicho halijafunga.

Wakuu, niliacha ugali ukaungua.

Nyota yenye pete ni Zohali, wengine mnaiita Saturn. Nikafungua app ya simu. App ikasema Zohali inachomoza mashariki saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Nikapiga hesabu zangu za Manyoni. Saa moja na nusu itakuwa juu vizuri, giza litakuwa limeingia, na Mzee atawahi taarifa ya habari ya saa mbili, ambayo hajaikosa tangu redio ilipoingia kwenye nyumba ile. Akishamaliza habari analala.

Nikamwambia Mama amwambie saa moja na nusu, uwanja wa mbele.

Saa moja na nusu Mzee akatoka amevaa koti la kanisani na kofia. Mimi nimejificha nyuma ya jiko. Darubini imesimama uwanjani. Na mbele yake umesimama mparachichi.

Ule mparachichi aliupanda Mzee mwenyewe, na umekuwa mrefu kuliko nyumba mbili zikipandana. Uko mashariki kabisa ya uwanja. App haijui kuna mparachichi. App inadhani dunia nzima ni Manyoni.

Mzee alikaa kwenye kigoda dakika thelathini akiangalia majani. Saa mbili ilipofika akainuka, akakohoa, akaingia ndani kusikiliza habari. Mama akanifuata nyuma ya jiko anajizuia kucheka.

"Mzee anasema labda nyota za Singida zinachomoza bila kusumbuliwa na miti."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ila nikakaa pale pale nisubiri, maana mimi nikikasirika huwa siondoki. Saa tatu na dakika kumi, Zohali ikachomoza juu ya kilele cha mparachichi, imetulia, ya njano kama punje ya hindi. Mzee alikuwa ameshalala kitambo.

Nikaandika kwenye daftari: saa 3:10.

Usiku ule nilikata shauri kuachana na app nipime anga ya nyumbani kwetu mwenyewe. Kuna mbinu ya zamani. Nyoosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja kutoka usawa wa macho kwenda juu ni kama nyuzi kumi. Unapanda ngumi juu ya ngumi mpaka ufike kwenye ncha ya kinachokuzibia.

Shida ni kwamba uwanja wa mbele ni wa Mzee, mimi sikai pale. Nikasubiri Jumapili wakiwa kanisani, nikajifanya tumbo linauma. Mungu anisamehe. Nikasimama katikati ya uwanja na daftari, nikawa nanyoosha ngumi kaskazini, ngumi mashariki, ngumi kusini.

Mama mmoja jirani akapita njiani na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akasimama.

"Mama, unapigana na nani?"

"Na mparachichi," nikamjibu.

Akaondoka bila kuuliza tena. Jioni kijiji kizima kilikuwa na habari zangu, na Mzee naye alizipata. Mama anasema alitabasamu, ila Mama naye huwa anatia chumvi.

Daftari lilitoka hivi. Mlima Rungwe, pamoja na ukubwa wake wote, ulikuwa ngumi moja tu, uko mbali. Migomba ya kaskazini ngumi tatu. Bati la nyumba upande wa magharibi ngumi tano, huko hakuna kitu. Kusini kuna uwazi mzuri kuelekea Kyela. Na mparachichi karibu ngumi nne. Nilipimia na uani kwangu nyuma, huko mparachichi na nyumba vimeungana, ngumi sita, ndiyo maana Zohali sikuwahi kuiona mapema.

Kilichoniokoa ni jambo moja ambalo wengi hawalijui. Nyota inarudi mahali pale pale kila siku dakika nne mapema. Leo ikitoka juu ya mti saa tatu na kumi, kesho itatoka saa tatu na dakika sita, keshokutwa saa tatu na mbili. Kwa hiyo huna haja ya kuukata mti. Subiri tu, nyota inakuja kwenye muda wako yenyewe.

Nilihesabu. Baada ya siku ishirini Zohali itauvuka mparachichi saa mbili kasoro dakika kumi. Mzee ataiona na habari atawahi. Nikachora kalenda, nikaibandika ukutani jikoni. Mama akawa anaweka alama ya mkaa kila jioni.

Hofu yangu ilikuwa mvua. Huku kwetu mvua haina adabu, inakuja inavyotaka, na ikishaanza kweli anga unaisahau kwa miezi. Hofu ya pili sikuisema kwa mtu. Wiki ile Mzee alimwaga chai akidhani kikombe kiko pale.

Siku ya ishirini, mawingu. Siku ya ishirini na moja, mawingu. Nilimtukana kila mtu siku zile, pamoja na wateja, nao wanisamehe.

Siku ya ishirini na mbili anga ikafunguka.

Saa mbili kasoro dakika kumi na nane, Zohali hiyo hapo, imetoka juu ya mti kama nilivyoandika. Niliruka peke yangu kama mtoto. Nikaiweka katikati ya lenzi, ina pete zake wazi, kadogo, safi. Nikakimbia nyuma ya jiko. Mama akamwita Mzee.

Mzee akakohoa. Akatoka na fimbo. Akashuka ngazi moja, akashuka ya pili. Akatafuta kigoda. Akakaa. Akavua miwani, akatafuta mfuko wa kuiwekea. Akainama kwenye lenzi.

Akainuka, akamnong'oneza Mama.

"Anasema giza tu," Mama akaniletea.

Nikasubiri Mzee arudi barazani, nikatoka, nikachungulia. Kweli giza tupu. Nikaitafuta Zohali, nikairudisha, nikakimbia. Mzee akakohoa, fimbo, ngazi, kigoda, miwani.

"Anasema bado giza."

Mara ya tatu vilevile. Saa mbili ikalia kwenye redio ndani, Mzee akaenda kusikiliza habari.

Nilikaa kwenye kile kigoda chake, nikairudisha Zohali, nikaangalia mwenyewe, nataka kulia. Nikaona Zohali inavyotembea ndani ya lenzi. Inaingia upande mmoja, inakatiza, inatoka upande wa pili, dakika mbili na kitu imekwisha. Dunia inazunguka, darubini yangu haina mota ya kuifuata. Na Mzee, tangu mimi nijifiche mpaka jicho lake lifike kwenye lenzi, anatumia dakika tatu.

Kwa hiyo heshima yetu ilikuwa inachukua dakika tatu, na Zohali ilikuwa inatoa mbili.

Najua mtu ataandika hapa chini, si ungebaki tu pale pale ukamwonyesha? Mkuu, ungejaribu wewe. Mtu ameishi miaka yake yote na heshima ile, halafu mimi mgeni wa Manyoni nimvunjie uwanjani kwake kwa sababu ya nyota? Nilimpenda mno, nisingeweza kumfanyia hivyo.

Nikiwa nimekaa pale na hasira zangu, nikasikia mtangazaji anamaliza muhtasari. Nikaangalia simu: saa mbili na dakika nne. Zohali, ambayo nilikuwa nimeirudisha tena, iko katikati kabisa ya lenzi.

Nikagutuka. Kama mti hausogei, na nyota inarudi pale pale kesho dakika nne mapema, darubini nayo isiposogea je?

Nikakaza skrubu zote. Sikuigusa tena. Zohali ikajiondokea, mimi nikaiacha darubini inaangalia anga tupu.

Mama akatoka. Nikamwambia, "Mama, mwambie Mzee kesho akae hapa mapema, jicho kwenye lenzi, asiguse kitu. Nyota itamfuata yenyewe. Mimi sitakuwepo hata karibu."

"Saa ngapi?"

Hapo nikapiga hesabu. Dakika nne mapema ya saa mbili na nne ni saa mbili kamili.

"Saa ya habari?" Mama akashika kiuno. Akaingia ndani. Nilisikia wanazungumza Kinyakyusa chini kwa chini, halafu redio ikapunguzwa sauti. Akatoka.

"Anasema habari zitamkuta."

Kesho yake ndiyo siku niliyoogopa kuliko siku ya harusi yangu. Darubini inatakiwa ikae siku nzima uwanjani bila kusogea hata unene wa ukucha. Niliweka mawe kwenye miguu yake mitatu, nikafunga mdomo wake kwa kifuniko, nikaivalisha mfuko wa mbolea mtupu. Na kwa mtakaojaribu, kifuniko msisahau, na msichungulie kamwe mchana, jua linaunguza jicho mara moja.

Mama akatandika mkeka pembeni na rundo la ndizi za kumenya, akawa mlinzi. Mimi kazini nilipiga simu mara nne.

"Mama, bado imesimama?"

"Imesimama kuliko wewe. Jogoo alitaka kupanda, nimempiga na ganda."

"Aliigusa?"

"Hakuigusa. Labda kwa mkia."

Kwa mkia! Wakuu, mchana ule nilichambua parachichi mbichi nikaweka kwa zilizoiva, ikabidi nirudie kreti nzima.

Jioni nikakuta ukungu umepanda kutoka bondeni. Mlima Rungwe hauonekani, mparachichi wenyewe unaonekana nusu. Saa moja na nusu bado. Mzee alishatoka, amekaa kwenye kigoda na koti lake la kanisani. Mama aliondoa mfuko na kifuniko taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala. Mimi nyuma ya jiko, simu mkononi.

Saa mbili kasoro robo, upepo kidogo ukaja kutoka milima ya Livingstone. Ukungu ukaanza kuchanika upande wa mashariki. Nikaiona Zohali juu ya mti, halafu ikapotea, halafu ikarudi.

"Dakika mbili," nikasema taratibu kupitia upenyo wa ukuta.

"Dakika mbili," Mama akamwambia.

Ndani redio ikapiga mlio wa saa mbili. Hakuna aliyeinuka.

Nilihesabu moyoni. Nikafika ishirini. Nikafika arobaini. Nikaanza kumfikiria yule jogoo na mkia wake.

Halafu nikasikia sauti ya Mzee, ambayo kwa miaka minne nilikuwa nimeizoea kwa kukohoa na kusali tu.

"Ee Kyala!" Alikuwa anamwita Mungu kwa Kinyakyusa.

Kisha akacheka. Mzee yule, mzee wa kanisa, alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mama Lusajo, imevaa pama! Nyota imevaa pama!"

Na kweli wakuu, mwaka ule pete zilikuwa nyembamba, zimetokeza huku na huku, ukiangalia unaona kabisa mtu amevaa pama, ile kofia ya ukingo mpana. Mimi nilishaiangalia mara ishirini na sikuwahi kuliona pama.

Nilikuwa nalia nyuma ya jiko, nasema wazi. Nikasema moyoni basi, imekwisha, ameiona.

Halafu sauti ikabadilika. Sasa ilikuwa inasema kwa nguvu, kuelekea upande wangu.

"Mkamwana! Inakimbia. Njoo uirudishe."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mama akachungulia kona ya jiko.

"Umeitwa wewe. Unangoja nini, kadi?"

Nikajitanda kitenge kichwani, nikatoka nimeinamisha uso. Mzee alikuwa ameshainuka, amesogea hatua mbili, ameugeukia mlima. Nikalegeza skrubu, nikaitafuta Zohali, nikaipata, nikasogea. Akakaa. Akaangalia. Ikakimbia. Akainuka, nikairudisha. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote tulikuwa tunaangalia juu.

Mara ya nne au ya tano hivi nikajikaza. Nikamshukuru kwa Kinyakyusa nikiwa nimempa mgongo, "Tata, ndaga kwa yale maziwa."

Akaipisha lenzi.

"Angalia na wewe," akasema. "Inakimbia."

Tuliendelea mpaka habari zikaisha, na michezo ikaisha, na redio ikaingia miziki. Mama alisinzia kwenye mkeka.

Asubuhi yake nilikuwa na wasiwasi nimevunja kitu kikubwa. Nikiwa natoka na ndoo nikasikia kikohozi kimoja. Nikaingia migombani kama kawaida, Mzee akapita kama kawaida. Mchana Mama akaniletea hukumu.

"Anasema mchana ni mchana. Lakini gizani hakuna anayemwona mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyekosa."

Tangu siku ile tukawa na utaratibu mpya. Akikohoa mara moja, nampisha. Akikohoa mara mbili usiku, anga imefunguka na ananiita uwanjani. Nilimwonyesha Mshtarii, yaani Jupiter, na miezi yake minne, nilimwonyesha mashimo ya mwezi. Yeye alinionyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota za wakulima, na kunieleza baba yake alivyokuwa akikisubiri kabla ya kushika jembe. Daftari langu la ngumi analijua kwa moyo. Ukimtajia nyota na tarehe, anakwambia itatoka juu ya mparachichi saa ngapi, na hakosei sana.

Lusajo aliporudi likizo akajitolea kuukata ule mparachichi ili tuone vizuri. Mzee alimkatalia katakata. Alisema ukikata mti, tutajuaje saa?

Sasa niwape na upande mwingine, maana niliahidi ukweli. Mwaka jana pete za Zohali zililala, zikawa kama uzi, kwa darubini yangu hii zilikuwa hazionekani kabisa. Na zilipoanza kujifungua tena, jicho la Mzee lilikuwa limeshafunga. Kiangazi kile kimoja ndicho tulichokuwa nacho. Kama ningekata tamaa siku ile ya giza tu, pama asingeliona maisha yake yote.

Hasikitiki sana kama mnavyodhani. Anasema ameshaiona, na kitu ulichokiona hakitoki. Siku hizi Mama ndiye anayemwambia anga imefunguka; anakohoa, anakaa kwenye kigoda, mimi naangalia na kumsimulia. Akisikia nimenyamaza sana ananiuliza, "Imekimbia?"

Funzo langu, wakuu, ni kwamba kabla hujapanga kuangalia nyota, toka nje na ngumi yako uujue uwanja wako. App haimjui jirani yako wala mti wako. Na kinachokuzibia ukishakipima vizuri, kinakupa saa bora kuliko ya ukutani.

La heshima mnaweza kulijadili, najua kuna watakaosema ni mila zilizopitwa na wakati. Semeni tu, mimi nitasoma. Ila nataka zaidi kusikia nyinyi mnazibiwa na nini. Wa Isongole, mlima mnao upande gani? Wa Msasani hapo Tukuyu mjini, taa mnazikwepaje? Wenye maghorofa Dar, mnaona hata nyota tatu? Mwageni hapa, na picha za nyua zenu mkiwa nazo.

Maswali nitayajibu kesho. Saa hizi ni saa mbili kasoro, na Mzee amekohoa mara mbili.